Ule Ubani Nyuma Yangu Si Frimasoni

Asalamu alaikumu jamani, habari za huko. Leo naongea haraka, maana bibi mwenye nyumba ameshawasha ubani, na ukiisha naitwa mezani. Nina kama nusu saa.

Swali ni lile lile. Tangu niweke video ya jikoni, maoni yote ni "dada, hilo kabati lenye machungwa na moshi la nini, umeshaingia Frimasoni?" Mwingine kaandika, "ndiyo maana ana gari." Gari lenyewe la mwaka 2009, mlango wa nyuma haufunguki kwa nje. Niuze roho nipewe hilo?

Nimepanga chumba kwa bibi wa Kivietinamu, Westminster, California, mtaa wa Little Saigon. Wengi hapa walikuja baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka mwaka 1975. Kabati ni la wafu wake: picha ya mumewe, picha za wakwe, na bakuli la majivu la kuchomeka vijiti vya ubani, kimoja au vitatu, si viwili. Leo ndiyo siku aliyofariki mumewe kwa kalenda ya mwezi, wanaiita giỗ. Kapika tangu asubuhi. Kapanga mbele ya picha wali, samaki, kikombe cha chai, na sigara moja kaiwasha kabisa, maana marehemu alikuwa mvutaji. Halafu tunasubiri. Marehemu anakula kwanza, ubani ukishaungua ndipo sahani zinashushwa na walio hai wanakula.

Kabla hujaanza kuandika: mimi Mwislamu, kilichowekewa wafu sili. Bibi anajua, ananitengea tofu, ile ya maharage ya soya, na wali wangu kabla hajapandisha sahani hata moja. Lakini kula kabla ya mzee wake, thubutu! Mara ya kwanza nilichovya kijiko, nikachapwa kofi la mkononi. "Con," akasema, yaani mwanangu, subiri.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza wenzangu kwao chakula kinaanza kwa nani. Nasafisha ofisi usiku, sifichi, na ninayegawana naye dekio ni kijana wa Momostenango, Guatemala, Mmaya wa K'iche'. Mnaodhani Wamaya walikwisha na mapiramidi yao, huyu jana kaniazima chaja. Mjomba wake ni ajq'ij, mtunza siku. Kalenda yao ya ibada ina siku 260, majina 20 yakizunguka na namba 13. Na siku kwao si tarehe tu, ni kama mtu mkubwa: unaisalimia, unaiomba, unailisha. Mlaji ni moto. Wanachora duara kwa sukari, juu yake wanaweka uvumba wa kopali, mishumaa, chokoleti, wanamimina pombe kali, wanawasha. Bibi wangu anamlisha mtu aliyempikia maisha yake yote. Mjomba wa huyu kijana analisha siku yenyewe, na makombo hakuna, ni majivu matupu.

Kuna siku inaitwa Toj, maana yake malipo. Jina hilo linarudi kila baada ya siku 20. Nilicheka. Yangu mimi inarudi kila siku.

Na hapa mnivumilie. Baba alifariki Tanga mwaka juzi, sikwenda kumzika. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinahuishwa, wakili akaniambia ukitoka huenda usirudi. Ada nililipa mara mbili, kwa sababu fomu ya kwanza ilirudishwa: nilisaini nje ya kisanduku. Nje ya kisanduku! Halafu kuna ndugu walikaa msibani wakasema keshashiba dola, hana haja na sisi. Ule ubwabwa wa hitma mlioula, nani alituma? Haya, nimenyamaza.

Bibi aliposikia habari ya baba, akaniletea bunda la pesa za karatasi, noti bandia za dola mia mia wanazochomea wafu. Mchomee baba, akasema. Nilikataa kwa adabu. Ila nilizishika mkononi muda mrefu, nikakumbuka za kweli nilizompa wakili, ambazo hata moshi wake sikuuona.

Dereva wetu wa kazini ni mzee wa Hawaii. Kwao zamani suala kubwa lilikuwa nani anakula na nani. Mwiko wao waliuita kapu, visiwa vingine vya Polinesia wanasema tapu (si tabu yetu hii, yetu ni ya Kiarabu). Mwanaume na mwanamke hawali pamoja, na mwanamke haruhusiwi nguruwe wala nazi. Nguruwe sawa, tungeelewana. Nazi? Mtu wa Tanga? Basi mwaka 1819, miezi michache baada ya mfalme Kamehameha kufa, mwanawe Liholiho akaketi meza ya wanawake, akala. Binamu yake akapinga kwa vita, akashindwa. Mahekalu yakabomolewa kwa amri ya mfalme, na wamishonari wa kwanza hata hawajafika, wamefika 1820.

Majumbani lakini imani ya zamani haikuisha. Mzee huyu ni Mkristo, Jumapili hakosi, ila papa hali. Papa ni ʻaumakua wao, mzee wa ukoo aliyechukua umbo la mnyama. Nilimwambia papa mkavu wa nazi ndiyo kitoweo kilichonikuza. Hakunijibu mpaka tulipofika kazini.

Sasa mnaouliza kama mpange nyumba yenye kabati kama hili, mimi sijui. Mimi nimeweza, wewe na imani yako na shehe wako au mchungaji wako mtajuana. Mvietinamu mwingine utamkuta Mkatoliki, na hadithi ikawa tofauti kabisa. Usije ukagombana na mwenye nyumba ukasema dada wa California ndiye aliyekutuma.

Naona kijiti cha kati kimeshakatika. Bibi anashusha samaki. Wali wangu utakuwa umeshapoa tangu saa ngapi, na sigara ya mzee imejizima nusu.