Nimelipa Kiingilio Kuingia Msituni, na Msitu Wenyewe Hauna Siafu

Haya, inarekodi. Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Mnaniona? Hamnioni, najua. Kamera haijaharibika. Nje ni baridi ya barafu, humu ndani ni nyuzi 25, kwa hiyo nilipovuka tu mlango lenzi ikapata ukungu, miwani nayo ikapata ukungu, nikasimama pale kama kipofu na koti zito mkononi. Subirini niifute na ncha ya mtandio. Haya, sasa.

Niko Leipzig, mashariki ya Ujerumani, kwenye bustani ya wanyama, na hili jengo linaitwa Gondwanaland. Lilifunguliwa tarehe 1 Julai 2011, kwa hiyo wenyeji wameshalizoea, ila kwangu mimi ni jipya kabisa. Miaka mitatu naishi mji huu na nilikuwa napita nje tu na tramu. Kiingilio sitakitaja. Mama anaangalia video hizi, ataanza kukigeuza kuwa magunia ya mahindi.

Angalieni juu. Hicho si kioo. Ni plastiki maalumu, tabaka tatu, imejazwa hewa kama mto wa kulalia, na inapitisha ule mwanga wa jua ambao kioo cha kawaida kinauzuia. Mimea inauhitaji. Na tafuteni nguzo katikati: hakuna. Mita za mraba 16,500, yaani viwanja viwili vya mpira na chenji, paa limekaa lenyewe. Chini yake kuna mimea aina 500 hivi na wanyama aina 100 hivi, wa Afrika, Asia na Amerika Kusini. Hapo Wajerumani wamenimaliza, nakubali.

Lakini sikuja kuwaambia habari za paa. Nataka kuwaambia habari za harufu. Kwenye simu haipiti, mtaniamini tu. Ni majani yanayooza chini, udongo usiokauka, maji yanayotona mahali usipopaona. Nimesimama pale mlangoni nikawa na miaka tisa, niko Amani, nimembebea bibi kikapu cha hiliki, miguu inateleza.

Wa Tanga mnanielewa. Kwa wengine: Amani iko juu ya Muheza, Usambara Mashariki. Unapanda barabara ya vumbi, ikinyesha inakuwa ya matope, mpaka unaingia kwenye ukungu. Msitu ule ni wa kale mno, umejitenga milimani miaka mamilioni, ndiyo maana una vinyonga na vyura ambao hawapo kwingine kokote duniani. Mimi nilikuwa najua hayo? Nilikuwa najua siafu. Bibi alikuwa na hiliki zake chini ya miti mikubwa, na kila likizo mimi ndiye niliyepelekwa. Nililia njia nzima. Leo nimepanga foleni, nimelipa, nimekuja kulowa jasho kwa hiari yangu. Chekeni tu.

Twendeni huku. Hiki ni kisiwa cha nyani wadogo wa Amerika Kusini, wana rangi ya manjano na uso kama wamepakwa unga. Wanazurura, hakuna wavu, unapita katikati yao. Watoto wa chekechea hawa nyuma yangu wanapiga kelele za furaha, mwalimu anawaomba wanyamaze. Mimi nimejikuta natafuta jiwe! Jamani, mtoto aliyelinda shamba la mahindi akiona kima, mkono unaenda wenyewe.

Yule pale kwenye maji ni kiboko, na mwisho wake ndiyo huo, hakui zaidi. Ni wale wadogo wa Liberia na nchi jirani, wanaoishi msituni. Ukimzoea kiboko wa Rufiji, huyu unaona kama kaachwa nusu. Fisi-maji wakubwa nimewakosa, walikuwa wamelala. Mjusi wa Komodo alikuwepo, lakini hakusogea hata ukope.

Halafu kuna mashua. Unakaa, unaingizwa gizani, unaonyeshwa jinsi Afrika, Amerika Kusini, India na Australia zilivyokuwa bara moja kabla ya kugawanyika. Hilo bara ndilo Gondwana, jina la jengo limetoka huko. Ikitoka gizani mashua inateleza katikati ya miti. Nzuri, ila fupi.

Sasa mwaka jana mmoja wenu aliniuliza chini ya video: ni kweli Wajerumani walikuwa wanaonyesha watu kwenye bustani za wanyama? Ni kweli. Na hii hapa ni mojawapo. Aliianzisha Ernst Pinkert mwaka 1878, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 wenyeji wa mji walikuwa wanakata tiketi kuja kutazama watu walioletwa kutoka Afrika na kwingineko. Leo nimepita njia hizo hizo nimeshika tiketi yangu. Kuna mama mmoja alinitazama kidogo zaidi ya kawaida. Labda alishangaa tu naongea na simu. Tuendelee.

Ninachokosa humu nimekigundua kwenye daraja la kamba. Hakuna kinachong'ata. Nimekaa saa mbili na nusu, sijapigwa na mbu hata mmoja, sijakwaruzwa, hakuna aliyeniambia nitazame ninapokanyaga. Mtoto wa hapa akikua atadhani msitu ni mahali pa joto penye choo safi na kahawa.

Haya, hapa nimesharudi nyumbani, ndiyo maana mwanga umebadilika. Nataka kuwaonyesha kitu. Hiki kikopo cha maua kimetoka kwa bibi jirani wa ghorofa ya chini, amenipa aliposikia nimetoka wapi. Maua ya zambarau, majani yana vinyweleo. Yeye analiita Usambaraveilchen. Nikamwambia rudia. Karudia. Usambara, kabisa!

Kumbe miaka ya mwanzo ya 1890 mkuu wa wilaya wa Kijerumani kule kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona likiota, akatuma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Hannover, Hermann Wendland, akaliandika rasmi na kulipa jina la familia hiyo, Saintpaulia. Tangu hapo limejaa madirishani kwa mabibi dunia nzima. Bibi jirani analo tangu ujana wake. Kwa bibi yangu mimi lilikuwa linaota kwenye miamba yenye kivuli karibu na kijito, na sidhani kama aliwahi kuliita jina lolote. Au aliliita, nami sikuuliza kwa sababu nilikuwa nalia.

Kwa hiyo mjomba wa Kwamkoro, najua unaangalia, usijifiche. Una simu mpya, mimi ndiye niliyeituma. Jumapili shuka kijitoni, tafuta kwenye mawe yenye kivuli, unirekodie dakika mbili tu. Usiling'oe. Na vaa viatu vya mvua, suruali uichomeke ndani, siafu wa pale unawajua.