Mamwinyi wa Bottesford: Kaburi Linalotaja Uchawi

TITO: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi Tito, niko Mwanza, umeme umerudi sasa hivi, kwa hiyo tuwahi kabla mambo hayajabadilika. Mwenzangu Mwanaidi yuko kulekule Nottingham. Dada, za huko?

MWANAIDI: Njema kaka. Baridi ipo, tumeshaizoea. Leo nimekuletea makaburi.

TITO: Asubuhi yote hii?

MWANAIDI: Asubuhi hii hii. Kuna kijiji kinaitwa Bottesford, kiko Leicestershire, kwenye reli ya kutoka Nottingham kwenda Grantham. Siku moja sina zamu kazini, nikapanda treni. Kanisa lao, la Mtakatifu Maria, unaliona kutoka mbali, maana mnara wake una urefu wa futi 212, karibu mita 65. Ukiingia ndani ni kanisa la kijiji tu: mabenchi, vitabu vya nyimbo, harufu ya mbao za kale. Sasa sogea mbele, kule padri anakosimama.

TITO: Madhabahuni.

MWANAIDI: Hapo. Pamejaa watu wamelala.

TITO: Wamelala vipi?

MWANAIDI: Wa jiwe. Sanamu za ukubwa wa mtu kamili, mume na mke ubavuni kwake, viganja vimekutanishwa kifuani kama wanasali. Wengine wako ukutani, lakini wawili wakubwa wamewekwa katikati ya njia. Yaani ukitaka kufika altareni unapita ubavu-ubavu. Mimi nimezaliwa Tanga, Mwislamu, kwetu kaburi linainuliwa shibri moja, basi. Nikasema hawa walimwachia Mungu nafasi gani?

TITO: (anacheka) Hawa ni akina nani hasa?

MWANAIDI: Ukoo wa Manners, ma-Earl wa Rutland. Earl ni cheo cha kimwinyi, anakuja chini ya Duke na Marquess. Ngome yao inaitwa Belvoir, iko kilimani hapo jirani. Inaandikwa hivyo, lakini Waingereza wanaitamka "Biva". Usiniulize kwa nini. Ma-Earl wanane mfululizo wamo humo kanisani, wa kwanza alikufa 1543, wa nane 1679.

TITO: Karne nzima na zaidi, wote chumba kimoja.

MWANAIDI: Na kila mmoja anataka kumzidi aliyetangulia. Hilo ndilo lililonifurahisha, maana unauona ushindani kwa macho. Earl wa kwanza, Thomas, kachongwa na fundi wa Burton, mji wa mkoa wa jirani tu. Wa pili, Henry, wamemlaza na mkewe chini ya meza.

TITO: Meza?

MWANAIDI: Meza kabisa, ya jiwe, ina miguu minene iliyotuna kama mitungi, ndiyo fasheni ya meza za kulia chakula enzi zile. Wenyewe wamelala chini yake. Ukiinama kuwatazama unajihisi mtoto aliyejificha chini ya meza siku ya shughuli.

TITO: Na jiwe lenyewe ni marumaru?

MWANAIDI: Mengi ni alabasta. Unakumbuka kwenye Injili yule mwanamke mwenye chupa ya marimari yenye marhamu?

TITO: Namkumbuka.

MWANAIDI: Inayosemwa pale ni alabasta. Ni jiwe laini, likitoka tu machimboni kisu kinalikata, lakini halivumilii mvua, ndiyo maana sanamu zake zinakaa ndani. Na hapa kuna jambo. Waingereza wa maeneo yale walikuwa wanachonga alabasta karne nyingi, kazi yao kubwa ikiwa ni sanamu za Bikira Maria na watakatifu. Yakaja Matengenezo ya kanisa, Uingereza ilipojitenga na Papa. Sanamu za watakatifu marufuku, zinavunjwa. Fundi ana patasi, jiwe lipo, wateja hakuna. Atachonga nini?

TITO: Tajiri.

MWANAIDI: Umemaliza. Na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1560 akatoa tangazo kabisa kukataza watu kuvunja makaburi ya watu wa heshima. Kwa hiyo mtakatifu katolewa kanisani, mwinyi kaingia, na sheria inamlinda.

TITO: Hiyo nimeipenda. Endelea na ushindani wao.

MWANAIDI: Earl wa tatu alikufa 1587, mdogo wake akarithi, naye akafa 1588. Misiba miwili ndani ya mwaka mmoja. Familia ikaagiza makaburi mawili kwa mpigo, na safari hii fundi wa Burton hatoshi. Wakaenda Southwark, London, kwa Mholanzi mmoja mhamiaji, Gerard Johnson, jina lake la kwao Gheerart Janssen. Karakana hiyohiyo ya familia ndiyo inayotajwa kuchonga sanamu ya Shakespeare kule Stratford. Pauni 100 kila kaburi. Mzigo ukapakiwa melini mpaka Boston...

TITO: Marekani?

MWANAIDI: Wapi! Boston ya Lincolnshire, mwaka 1591 hiyo, ile ya Marekani bado haijazaliwa. Kutoka bandarini ni mikokoteni mpaka kijijini. Hebu fikiria Earl wa alabasta anarushwarushwa kwenye mashimo ya barabara.

TITO: Barabara zetu hizi angefika vipande. Sasa dada, kwenye ujumbe wako uliniandikia kuna kaburi la uchawi. Mimi nimekaa hapa nalisubiri hilo tu.

MWANAIDI: Najua. Haya, Earl wa sita, Francis, alikufa 1632. Kaburi lake ndilo refu kuliko yote, linakaribia kugusa dari. Yeye kalala na wake zake wawili, mmoja huku mmoja kule, maana wa kwanza alifariki akaoa tena. Miguuni kuna wavulana wawili wadogo, kila mmoja kashika fuvu la kichwa. Halafu kuna maandishi kwenye jiwe, yanasema alimwoa bibi Cecilia mwaka 1608, akazaa naye wana wawili, wote wakafa wachanga "kwa matendo maovu na uchawi".

TITO: Imeandikwa kanisani? Madhabahuni?

MWANAIDI: Kwa herufi za kuchonga. Nimesoma mara tatu.

TITO: Na nani aliyewaroga?

MWANAIDI: Ndiyo habari yenyewe. Pale ngomeni kulikuwa na watumishi, mama mmoja anaitwa Joan Flower na binti zake, Margaret na Philippa. Margaret alikuwa anafua na kutunza kuku. Akafukuzwa, anashukiwa kuiba. Akapewa shilingi 40, mto na godoro la sufu, aende zake.

TITO: Kumbe na kiinua mgongo.

MWANAIDI: Cha enzi hizo! Baadaye watoto wa bwana wakaanza kuugua. Mkubwa, Henry, akazikwa 1613. Miaka ikapita, mdogo wake Francis naye akawa mgonjwa. Minong'ono ikaanza: Joan haendi kanisani, Joan ana matusi, Joan ana macho makali...

TITO: Hapo nisimamishe. Mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Bibi akiwa na macho mekundu huku kwetu, wapo watu wanaosema mchawi, na mabibi wameuawa kwa hilo. Bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, moshi umemwingia, macho yatakuwa meupe? Kwa hiyo hii hadithi yako siisikilizi kama ya mbali.

MWANAIDI: Ndiyo maana nilitaka niizungumze na wewe. Wakakamatwa wote watatu, majira ya Krismasi ya 1618, wakapelekwa gerezani Lincoln. Njiani, mahali panaitwa Ancaster, Joan akaomba mkate. Akasema kama ana hatia, mkate huo usipite kooni. Akautia mdomoni, akaanguka, akafa.

TITO: Maskini. Na ndiyo ikawa ushahidi.

MWANAIDI: Kwao ushahidi tosha. Lakini haya tunayajua kutokana na kijitabu kilichochapwa London mwaka 1619, na kinatoa maneno ya upande wa mashitaka. Mabinti wakahojiwa, wakakiri. Walisema walichukua glavu ya Henry, ya mkono wa kulia, mama akamsugua nayo paka wake, paka anaitwa Rutterkin, glavu ikachemshwa, ikachomwachomwa, ikafukiwa kwenye jaa la samadi ili inavyooza na mtoto aoze ini.

TITO: Huyo paka ana jina zuri.

MWANAIDI: Paka ndiye pekee aliyetoka salama. Margaret na Philippa wakanyongwa Lincoln, Machi 1619.

TITO: Na mtoto mdogo akapona?

MWANAIDI: Swali zuri, nilikuwa nakungoja hapo. Francis mdogo alikufa Machi 1620.

TITO: Ngoja. Mwaka mmoja baada ya...

MWANAIDI: Mwaka mmoja baada ya wachawi kunyongwa. Mama yao kafa, wao wamekufa, glavu imeshaoza. Na mtoto bado akafa. Na baba yake, ambaye anazijua tarehe hizo kuliko mimi na wewe, jiwe lake bado linasema wote wawili, uchawi.

TITO: Kwani angeandika nini? Angeandika "tulinyonga watu, mtoto akafa vilevile"?

MWANAIDI: Hapo ndipo mimi namwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja. Kafiwa na wana wote, cheo kimekwenda kwa mdogo wake. Na mfalme wao, James wa Kwanza, mwenyewe aliandika kitabu kizima kuhusu mashetani na wachawi, 1597, kabla hajaja kutawala Uingereza. Nani angemwambia Earl kwamba ni maradhi tu?

TITO: Na hakuna mtu aliyefaidika? Huku kwetu swali la kwanza ni nani kabaki na shamba.

MWANAIDI: Alibaki binti wa mke wa kwanza, Katherine. Mwaka huohuo wa 1620 akaolewa na George Villiers, kipenzi cha Mfalme, yule aliyekuja kuwa Duke wa Buckingham. Wapo wanaomnyooshea huyo kidole, kwamba aliwawekea watoto sumu. Mimi siamini. Watoto wa enzi zile walikufa kwa homa, kwa tumbo, kwa kitu chochote. Tukiwatoa akina Flower kwenye kamba tumvike Buckingham bila ushahidi, tumefanya yaleyale.

TITO: Sawa, hapo nakubali. Na hawa wa mwisho, wa saba na wa nane?

MWANAIDI: Hao wasikupotezee muda. Wamesimama, wamevaa kama majemadari wa Roma, kazi ya Grinling Gibbons, fundi mkubwa wa enzi hiyo, lakini mimi waliniacha baridi. Wa tisa akapandishwa cheo kuwa Duke mwaka 1703, na baadaye ukoo ukajijengea mahali pao pa kuzikana kwenye viwanja vya ngome. Nafikiri pale kanisani nafasi ilikuwa imekwisha tu.

TITO: (anacheka) Dada, swali la mwisho, umeme unapepesa. Wale wavulana wawili wenye mafuvu, wamezikwa hapohapo chini?

MWANAIDI: Huyo mdogo hayupo. Francis alizikwa kanisa kubwa la Westminster Abbey, London. Bottesford ipo sanamu yake, na fuvu mkononi, na yale maandishi. Nilimpiga picha karibu. Vidole vyake ni vinene kama vya mtoto yeyote aliyetoka kula. Nakutumia WhatsApp sasa hivi, kabla hujazimikiwa.

TITO: Imefika. Dah. Huyu ana miaka mingapi hapa, minne? ...Mwanaidi? Haya, umeme huo.