Mkeka Mmoja, Nafasi Moja: Tina Trstenjak wa Celje

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo niko Celje, hapa Slovenia, na nikiongea chini chini mnisamehe, niko kwenye korido ya ukumbi wa mazoezi ya judo, ule mchezo wa Kijapani wa kuangushana, na binti yangu yuko ndani. Hebu sikilizeni kidogo. Mmesikia huo mshindo? Ni watoto wanaanguka. Mwanzoni hapa mtoto hafundishwi kumwangusha mwenzake, anafundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo uviringe, halafu kiganja kinapiga mkeka paa! ili kichwa kisiguse chini. Binti yangu alirudi nyumbani siku ya kwanza kiganja chekundu, anacheka.

Sasa Mama, najua unaangalia huko Kisumu. Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mbona unamfundisha mtoto wa kike kupigana?" Nikakosa jibu la haraka. Jibu langu ni hadithi ya dada mmoja aliyezaliwa mji huu huu.

Anaitwa Tina Trstenjak. Hiyo j ya mwisho mwisho isomeni kama y yetu, ndivyo Waslovenia wanavyosema. Amezaliwa mwaka 1990. Judo yake ilikuwa ya uzito usiozidi kilo 63, na kocha wake alikuwa Marjan Fabjan wa klabu ya Sankaku, mzee ambaye hapa hata muuza mkate anamjua. Nchi nzima hii ina watu milioni 2 na kidogo tu, muelewe hesabu hiyo kwanza.

Shida ya Tina ilikuwa hii. Kwenye Olimpiki, kila nchi inapeleka mtu mmoja tu kwa kila uzito. Mmoja. Na katika klabu ile ile, kwa kocha yule yule, kwenye uzito ule ule wa kilo 63, kulikuwa na mwenzake aliyemzidi umri anaitwa Urška Žolnir, aliyekwisha kuchukua medali ya shaba Athens mwaka 2004. Kwa hiyo mtu uliyekuwa unashikana naye kola kila jioni, anayekuangusha na kukuinua, ndiye aliyekaa kwenye nafasi unayoitaka. London 2012 akaenda Urška, akarudi na dhahabu. Tina alikuwa na miaka 21, nafasi haikuwepo.

Mimi hapo ndipo ninapomheshimu. Angeweza kununa, au kubadilisha uzito, au kuacha. Alibaki kwenye mkeka.

Urška alipostaafu, mlango ukafunguka, na Tina akaingia kwa kishindo. Agosti 2015, Astana, Kazakhstan: bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, Rio: dhahabu ya Olimpiki. Yaani dhahabu mbili za Olimpiki mfululizo, ya Urška kisha ya Tina, uzito mmoja, klabu moja, mji huu mdogo wenye ngome ya kale juu ya kilima na mto Savinja chini yake.

Na fainali zote mbili, Astana na Rio, Tina alimshinda mtu yule yule, Mfaransa Clarisse Agbégnénou, binti wa wazazi kutoka Togo. Hawa wawili, jamani! Mwaka 2017 wakakutana tena fainali ya dunia kule Budapest, safari hii Clarisse akashinda. Kisha Tokyo, Olimpiki iliyosogezwa mpaka 2021 kwa ajili ya korona. Budokan, ukumbi ambao kwa watu wa judo ni kama nyumbani kwa mababu, viti vitupu, watazamaji wamezuiwa. Dakika nne zikaisha bila mshindi. Muda wa nyongeza wa judo hauna kikomo, anayepata alama kwanza amemaliza. Clarisse akaipata.

Ile video nimeirudia mara nyingi. Clarisse analia, na Tina, ambaye ndio kwanza amepoteza taji lake, anamkumbatia kwa nguvu pale pale katikati ya mkeka. Fainali nne kubwa, za dunia na za Olimpiki, mbili kwa mbili. Mama, hao ndio watu "wanaopigana."

Sasa ngojeni, maana hadithi inajirudia. Juni 2021, mwezi mmoja kabla ya Tokyo, Mslovenia mwingine wa kilo 63 alifika fainali ya dunia na kuchukua medali ya fedha. Andreja Leški. Mshindi wa pili wa dunia nzima, lakini Olimpiki akatazama nyumbani, kwa sababu nafasi ni moja na ilikuwa ya Tina. Kama Tina alivyomngoja Urška.

Andreja akangoja miaka mitatu. Paris, tarehe 30 Julai 2024, nusu fainali akamtoa Clarisse mbele ya Wafaransa wenyewe, kwenye ukumbi unaotetemeka. Na fainali alikutana na nani? Prisca Awiti Alcaraz. Awiti! Niliruka kwenye kochi. Mama yake ni wa Meksiko, baba yake Mkenya, yeye amezaliwa London na anachezea Meksiko. Sikuficha, moyo wangu siku hiyo ulikuwa umegawanyika, huku mji ninaoishi, huku jina la nyumbani kabisa. Andreja akashinda dhahabu. Prisca akapata fedha, medali ya kwanza ya judo ya Olimpiki kwa Meksiko, na alipopanda jukwaani nilimwita binti yangu aje aone jina lile limeandikwa kwenye skrini.

Akasoma polepole, A-wi-ti. Akaniuliza, "Kama shangazi?" Nikamwambia ndiyo, kama shangazi.

Wiki iliyofuata akaanza kudai kanzu ya judo. Ndiyo hiyo mtakayoiona sasa hivi, nimeikunja mikono mara mbili maana nilinunua kubwa. Haya, mlango unafunguka, wanainamiana kuagana. Mama, huyo wa tatu kutoka kushoto, mwenye nywele za mabutu. Mpungie mkono.