Kwa Miguu Hadi Mungomi wa Kolo

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Na mnaotusikiliza mlio wadogo kwangu, marahaba. Mlionizidi, shikamooni.

MPWA: Watu wa Dodoma mjini wamekuwa wakiniuliza kuhusu Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani. Na swali ni lile lile: gari inafika?

MJOMBA: Inafika. Barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati ni lami, na Kolo iko njiani, ukishaipita Kondoa mjini. Kutoka kijijini hadi chini ya kilima cha Mungomi, penye michoro yenyewe, ni kama kilomita 9 za vumbi na mchanga, gari lenye nguvu linapita. Lakini mimi nasema shuka Kolo, utembee.

MPWA: Kwenda na kurudi kilomita 18 hizo!

MJOMBA: Na siku nzima unayo. Njia inapanda na kushuka vilima vya kawaida, pagumu ni mwisho tu, kwenye majabali. Anayekwenda shamba kwa miguu hatashindwa. Mwenye gari ataiona michoro, sawa. Ila msitu atakuwa ameupita bila kuujua, na mimi msitu ule naupenda kuliko ninavyoweza kusema.

MPWA: Sema hivyo hivyo.

MJOMBA: Zamani milima ile ya Irangi, huko huko Kondoa, ilikuwa mitupu. Makorongo yanameza mashamba, mvua ikinyesha mchanga unashuka na kufunika mahindi bondeni. Wakoloni walihimiza matuta, haikutosha. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Halafu 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo lile lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Nilikuwa mtoto, nakumbuka ng'ombe wakiswagwa kuteremka nyanda za chini, kwa ndugu.

MPWA: Hapo ndipo huwa nasita, mjomba. Tunasifu miti, na kuna nyumba zilikosa maziwa, zikakosa samadi.

MJOMBA: Zilikosa, na wazee waliumia. Usiniombe nikwambie ilikuwa rahisi. Baadaye ndipo watu wakaruhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa bandani, wa kukatiwa majani. Lakini tazama kilichotokea milimani. Miti mingi unayoiona leo haikupandwa na mtu. Mti wa myombo ukikatwa, ukiliwa na mbuzi, mizizi inabaki hai ardhini. Ng'ombe walipoondoka, visiki vikachipua. Ukitembea angalia chini: utaona shina tatu nne zimetoka kisiki kimoja. Hayo ndiyo machipukizi yaliyopona. Kwenye gari hutayaona.

MPWA: Nilipokwenda nilishangazwa na makorongo yenyewe. Unakuta bonde limechimbika kumzidi mtu kimo, na ndani yake nyasi na miti imejaa.

MJOMBA: Kovu lililofunga. Basi ukitoka kwenye miti unaingia uwanda wa nyasi, hapo ndipo pa kupumzika. Mei na Juni nyasi ni ndefu bado, njia imekauka, jua halijawa kali. Septemba na Oktoba ni joto, ila miyombo inatoa majani mapya kabla hata ya mvua, mengine mekundu kabisa, mlima mzima unabadilika rangi. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua Oktoba, na maji nitabeba zaidi.

MPWA: Kiasi gani?

MJOMBA: Lita tatu kwa mtu, usipunguze. Mito ya kule kiangazi ni mchanga mtupu. Karanga, viazi vilivyochemshwa, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Na kabla ya yote pita ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, lipa kiingilio, upewe mwongozaji. Usijiendee mwenyewe.

MPWA: Sasa tumefika chini ya Mungomi.

MJOMBA: Unapanda polepole, mikono inasaidia. Halafu jabali limeinama juu yako kama paa, na ukutani kuna watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, wenye vichwa vikubwa vya ajabu, na twiga, tembo, na pofu, yule swala mkubwa. Michoro myekundu inahusishwa na wawindaji na wakusanya matunda, jamii za akina Wasandawe. Ile myeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikuja kuinakili mwaka 1951. UNESCO wakaiingiza kwenye Urithi wa Dunia 2006. Geuka sasa utazame mashariki: nyika ya Wamaasai yote iko chini yako. Aliyechora alikuwa anawaona wanyama wake kutoka pale pale alipochorea. Hilo ukitembea unalielewa kwa miguu, maana umetoka kuivuka nchi waliyowinda.

MPWA: Na pale bado watu wanafanya matambiko.

MJOMBA: Wanafanya. Kuomba mvua, kuombea wagonjwa. Kuna wanaosema pombe ya tambiko inaharibu michoro, na inaharibu kweli ikirushwa ukutani. Lakini kuwafukuza wenyewe ili wageni wapige picha, hapana. Mahali pale pameheshimiwa na UNESCO kwa sababu pia panatumika. Wazee na watu wa mambo ya kale wakae wakubaliane sehemu ya kumwagia. Mgeni yeye asiguse ukuta, na asimwagie maji ili rangi zing'ae. Nimeona watu wakifanya hivyo, inaniuma sana.

MPWA: Na mwenye magoti mabovu? Mama yangu anatamani kwenda.

MJOMBA: Dada yangu mpande naye gari hadi chini ya kilima. Kabla hamjafika, msimamishe pale nyasi zinapoanza, ashuke, atembee hata nusu saa ndani ya miti. Kule juu mwongozaji atamshika mkono. Akichoka njiani, mwacheni akae jiweni, msimharakishe. Mkirudi Kolo jioni tafuteni ugali wa uwele na mlenda.

MPWA: Tutakwenda Oktoba. Nawe unakuja.

MJOMBA: Nakuja. Niambie mapema nimpigie mwongozaji.