Jarida la Genetics, saitesheni, na lile dirisha la miaka miwili

Haya jamani karibuni, walioko nyuma sogeeni mbele viti vipo, msikae huko mlangoni kama watu wanaosubiri kutoroka. Mada ya leo mnaiona kwenye slaidi, mwelekeo wa utafiti na nguvu ya kunukuliwa kwa jarida la jenetiki. Najua inasikika kavu, lakini nusu yenu humu ndani mna pepa mnatafuta pa kuipeleka, na kitu cha kwanza mnachoangalia ni impakti fakta, ile namba ya kuonyesha jarida linanukuliwa kiasi gani, msinikatalie.

Basi nianze na hiyo impakti fakta inavyopigwa, maana wengi wanaitaja tu hawajui inatoka wapi. Unachukua mwaka mmoja, tuseme 2024. Unaangalia mwaka huo pepa zilizomo kwenye hifadhidata ya Web of Science zimenukuu mara ngapi vitu ambavyo jarida lilichapisha 2022 na 2023, halafu unagawa kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio ambazo jarida lilitoa miaka hiyo miwili. Basi, hamna kingine, na hiyo miaka miwili ndo dirisha lenyewe. Jarida limetoa makala 400, zimenukuliwa mara 1,600, impakti fakta ni 4. Na hapo kuna kaujanja watu hawakaoni, juu kwenye ule mgawanyo zinahesabiwa saitesheni, yaani mara za kunukuliwa, za kila kitu mpaka barua na tahariri, ila chini zinahesabiwa makala za utafiti na mapitio peke yake, kwa hiyo jarida lenye tahariri za kuchokoza chokoza linaokota pointi za bure. Halafu mpaka juzi juzi namba yenyewe ilikuwa inaandikwa kwa desimali tatu, utadhani wanapima dhahabu, ndo 2023 wakairudisha kuwa desimali moja.

Sasa kuna kitu hata watu wa jenetiki wenyewe wengi hawakijui. Hii shughuli ya kuhesabu saitesheni, kabla haijasambaa sayansi nzima, ilijaribiwa kwenye jenetiki. Eugene Garfield, Mmarekani, aliandika wazo lake mwaka 1955 kwenye jarida la Science, na wazo lenyewe aliliokota kwa mawakili, kwa sababu Marekani mawakili walikuwa na faharasa yao ya Shepard's tangu 1873, unatafuta kesi ya zamani unaona kesi zipi za baadaye zimeitaja, kama bado ina nguvu au ilishatenguliwa. Garfield akasema mbona na sisi tusifanye hivyo kwenye sayansi, mtu akisoma pepa ya zamani ajue nani aliipinga na nani aliiendeleza. Miaka ikapita kimya, mpaka 1959 Joshua Lederberg, mtu wa jenetiki ya bakteria, amepata Nobel mwaka mmoja nyuma yake, akamwandikia Garfield kumuuliza lile wazo lako limefikia wapi. Hela za serikali ya Marekani zikapatikana na mwaka 1963 ikatoka Genetics Citation Index, faharasa ya saitesheni za jenetiki, halafu 1964 ndo ikaja ile kubwa ya sayansi zote.

Angalieni lengo lilikuwa nini. Lilikuwa kutafuta, ukiwa na pepa moja mkononi ufike kwa nyingine. Impakti fakta ilizaliwa pembeni, Garfield na mwenzake Irving Sher walikuwa wanachagua majarida gani yaingie kwenye faharasa, na ukihesabu saitesheni tupu jarida dogo zuri linamezwa na jarida kubwa linalotoa makala maelfu, ndo wakaamua wagawe kwa idadi ya makala. Ni chombo cha mkutubi hicho. Kuanzia 1975 ripoti ikawa inatoka kila mwaka, na huko mbele ya safari watu wakaichukua wakaanza kupimia binadamu.

Tuje kwa jarida lenyewe sasa. Genetics lilianza 1916, mhariri wa kwanza George Harrison Shull, na makala iliyofungua toleo la kwanza ni ya Calvin Bridges, alitumia nzi wa matunda kuthibitisha kwamba jeni ziko kwenye kromosomu. Kwa hiyo lina zaidi ya miaka 100, na ukilifuata muongo kwa muongo unaona watu wanahama kutoka kiumbe hiki kwenda kile. Mwanzoni nzi na mahindi, nzi na mahindi. Mwaka 1943 Luria na Delbrück wanaleta bakteria na virusi, wanaonyesha kwamba mutesheni, yaani badiliko la jeni, ya kumkinga bakteria inatokea yenyewe kwa bahati kabla hajakutana na kirusi, kazi iliyochangia Nobel yao ya 1969. Mwaka 1974 Sydney Brenner anamleta mnyoo, C. elegans, mdogo kama milimita moja, pepa moja imeeleza mutanti, yaani minyoo wenye jeni zilizobadilika, kama 300 na jeni kama 100, na imefundisha namna ya kumfuga, kumzalisha na kupanga jeni zake kwenye ramani. Nobel yake ikaja 2002.

Halafu kuanzia miaka ya themanini hivi kunaingia watu wa hesabu na kompyuta, na hapa naomba mniskilize vizuri. Mwaka 1989 peke yake Lander na Botstein wametoa njia ya kutafuta sehemu za kromosomu zinazochangia sifa za kupimika kama urefu na uzito, na Tajima ametoa kile kipimo chake kinachoitwa D mpaka leo, cha kupima kama tofauti za DNA kwenye kundi zimetokea kwa bahati tu. Mwaka 2000 Pritchard, Stephens na Donnelly wanatoa programu ya STRUCTURE, ya kugawa watu au wanyama au mimea kwenye makundi kwa kutumia jeni zao tu, pepa ile imenukuliwa makumi ya elfu ya mara. Hizi zote ni Genetics. Na kati ya pepa za jarida hili zinazonukuliwa kupita kiasi, hizi za zana zimejaa juu kabisa. Hata ya Brenner, ukiisoma utaona ni ugunduzi ndiyo, lakini inanukuliwa sana kwa sababu kila maabara ya mnyoo inatumia njia zake.

Na si jenetiki tu. Pepa iliyonukuliwa kuliko zote kwenye sayansi ni ya Lowry na wenzake, 1951, namna ya kupima protini kwenye kimiminika, zaidi ya mara laki tatu. Mwaka 2014 jarida la Nature lilitoa orodha ya pepa 100 zinazoongoza kwa kunukuliwa, Watson na Crick na umbo lao la DNA la 1953 hawamo! Hawamo kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia saitesheni zinapima umuhimu, muulize mbona DNA imeshindwa na kipimo cha protini.

Kinyume chake kipo pia. Kitu kikishakuwa cha kila mtu hakinukuliwi tena, kila mwanafunzi anapiga hesabu ya Hardy na Weinberg, ile ya kukadiria jeni zimegawanyika vipi kwenye kundi, lakini nani anaweka pepa za 1908 kwenye marejeo yake? Jina limebaki ndani ya sentensi, saitesheni imepotea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 2001. Meuwissen, Hayes na Goddard waliandika kwenye Genetics kwamba ukiwa na alama nyingi za DNA, yaani sehemu ambazo wanyama hutofautiana, zimesambaa jenomu nzima, DNA yake yote, unaweza kukadiria thamani ya mnyama ya uzalishaji bila kusubiri uone watoto wake. Fikiria dume la ng'ombe wa maziwa, lenyewe halitoi maziwa, zamani ilibidi usubiri miaka mpaka mabinti zake wazae wakamuliwe ndo ujue dume lile ni zuri au bomu. Hawa jamaa wakasema hamna haja, soma DNA ya ndama. Tatizo lilikuwa moja, 2001 hamna mtu aliyekuwa na uwezo wa kusoma alama nyingi hivyo kwa bei ya maana, kwa hiyo pepa nzima ni ya kuigiza kwenye kompyuta, na waliokuwa tayari kuifanyia kazi walikuwa wachache. Mwisho wa 2007 ikatoka chipu ya kusoma DNA ya ng'ombe, ya alama zaidi ya 50,000, 2009 Marekani ikaanza kutoa tathmini rasmi za ng'ombe kwa kutumia jenomu, na saitesheni za ile pepa zikapanda kama zimewashwa moto, ikaingia mpaka kwenye mahindi na ngano.

Sasa rudi kwenye lile dirisha. Impakti fakta ilihesabu saitesheni ilizopata pepa ile 2002 na 2003, basi, dirisha likafungwa. Yale maelfu yaliyokuja baadaye hayakuongeza hata nukta moja kwenye impakti fakta ya Genetics. Ndo maana naona dirisha la miaka miwili kwa jarida la namna hii halifai, na siongei kwa uchungu, ukiangalia nusu ya umri wa kunukuliwa, yaani saitesheni za mwaka mmoja nusu yake zinaenda kwa pepa za umri gani, kwa Genetics ni zaidi ya miaka 10. Watu wanalisoma jarida hili la zamani kuliko la jana! Halafu ripoti inakuja inasema impakti fakta yake iko chini ya 10, ya Nature Genetics ambayo imeanza 1992 tu iko juu ya 25, na mkuu wa idara anatikisa kichwa. Mendel, yule wa kanuni za urithi, najua mnamsubiri, pepa yake ya 1866 haikujaliwa mpaka 1900, sawa, alilala sana, lakini Mendel ni mfano wa kila mtu na enzi zake hata hayo majarida ya jenetiki hayakuwepo. Huyu wa 2001 amechapisha kwenye jarida linalojulikana, mbele ya macho ya wote, na kipimo bado kimempita.

Kuna ubaya mwingine wa wastani. Jarida moja la kristalografia, sayansi ya kusoma umbo la fuwele, Acta Crystallographica A, mwaka 2008 lilichapisha pepa ya Sheldrick kuhusu SHELX, programu zake za kazi hiyo, na kila aliyezitumia akawa anainukuu. Impakti fakta ikatoka kama 2 ikaruka mpaka zaidi ya 49 mwaka 2009, 2010 ikazidi 50, halafu 2011 ikarudi kama 2. Pepa moja! Wale wengine waliochapisha kwenye toleo lile walitembea na impakti fakta ya 49 ambayo hawakuitolea jasho. Kwenye majarida karibu yote pepa nyingi ziko chini ya wastani wa jarida lake, chache zinabeba mzigo wa wote.

Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wahariri wengine wanamwambia mwandishi ongeza saitesheni za jarida letu ndo tukupitishe, wengine wanapanga majarida mawili matatu yanukuuane, mpaka Clarivate wanaotoa ripoti inabidi wakati fulani wayafungie baadhi yasipewe namba.

Dakika zinakwisha, niseme kidogo kwa wale wanaofanya uchambuzi wa mwelekeo wa jarida kama kazi ya shahada. Najua wengi mnapakua data kutoka Web of Science au Scopus, mnaitupa kwenye VOSviewer, programu ya kuchora ramani ya mada, inatoa mapovu ya rangi, mnaandika "matokeo". Polepole. Kama hukusafisha maneno muhimu, SNP, yaani tofauti ya herufi moja ya DNA, itakaa povu moja na jina lake refu, single nucleotide polymorphism, litakaa povu lingine, na utaandika kwamba ni mada mbili. Au CRISPR, mfumo wa bakteria uliogeuzwa zana ya kuhariri jeni, grafu yake inapanda sana baada ya 2012, ni sawa, lakini pepa za kabla ya hapo nyingi zinaongelea bakteria anavyojikinga na virusi na za baadaye zinaongelea kuhariri jeni, ukiunga mstari mmoja umechanganya mambo. Na grafu itakuonyesha tafiti za jenomu nzima za magonjwa zimepanda kwa kasi, haitakuonyesha zimepima DNA za nani, mwaka 2009 asilimia 96 ya washiriki walikuwa wa asili ya Ulaya, mwaka 2016 bado asilimia 81. Hiyo huipati kwenye mapovu, lazima ufungue pepa usome.

Swali? Eeh, wewe dada hapo. ... Anauliza kama impakti fakta ni mbovu hivyo mbona vyuo havijaiacha. Kuna tamko la San Francisco, DORA, lilianza kwenye mkutano wa wanabiolojia wa seli Desemba 2012, linasema wazi msitumie impakti fakta ya jarida kupima kazi ya mtu, na taasisi nyingi zimesaini. Kusaini ni dakika moja. Kukaa kwenye kamati ukasome pepa tano za kila mwombaji ni wiki nzima, na namba inasomwa kwa sekunde, ndo jibu lenyewe hilo.

Na huyu kaka anataka kujua apeleke wapi pepa yake basi. Fungua orodha yako ya marejeo, hesabu majarida gani yamejirudia, hapo ndo walipo wasomaji wako, anzia hapo. Kama pepa yako ni ya njia mpya, programu iweke wazi watu waipakue, maana isipotumika haitanukuliwa hata ukiichapisha wapi. Na ukipokelewa Nature Genetics, nenda kaka, mimi sitakuzuia.