Mfuko Mmoja wa Saruji

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wamiliki wa fremu, wauza maduka na mafundi ujenzi)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuuhamishia mkutano huu huku chini. Mwaliko wa kwanza ulisema ghorofa ya pili, na mimi natembelea kiti mwendo. Nikapiga simu, mkasikia.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 mnaijua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009 mmeusikia kwenye kila semina. Sivisomi leo. Nimekuja na jambo moja, ngazi ya mlangoni mwa duka. Ile moja tu, ambayo wewe unaipanda huku unaongea na simu na hukumbuki kama umepanda kitu.

Niwasimulie habari ya duka la dawa. Waliowahi kunisikia wanaijua, wanivumilie, kwa sababu duka lile bado lina ngazi.

Nilikuwa na umri wa miaka 34. Nilihitaji dawa ya kike, tyubu ya kawaida, ambayo mwanamke yeyote hapa anaingia, anamnong'oneza muuzaji, anawekewa kwenye mfuko wa khaki, anatoka. Duka lina ngazi mbili, na mbele yake kuna mtaro uliofunikwa kwa mabamba ya zege, bamba moja limevunjika pembeni. Gurudumu la mbele la kiti mwendo, lile dogo, likatumbukia kwenye ufa. Nikakaa pale nimeinama upande, mkono mmoja nimeushika ukuta. Kulia kwangu kijiwe cha bodaboda, vijana kama wanane. Binti wa dukani akatokeza mlangoni: "Dada, nikusaidie nini?" Nikamwambia njoo karibu. Ndani wateja wanamwita. "Sema tu dada, nakusikia." Nikasema, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Akageuka, akamwuliza mwenzake aliyekuwa nyuma kule stoo, kwa sauti ya kufika stoo: ile ya fangasi za ukeni ipo?

Kijiwe chote kikanyamaza. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kijana mmoja mwenye heshima zake akashuka kwenye pikipiki, akalinyanyua gurudumu langu, akachukua noti yangu akaipeleka, akaniletea boksi na chenji. Boksi akalishika maandishi yakiwa juu. Akaniambia, "Pole, mama." Jana yake alikuwa ananiita dada.

Yule binti hakuwa na ubaya wowote. Yule kijana alinitendea wema. Wote wawili walinifaa, na nikarudi nyumbani nikalia. Kwa miezi mitatu dawa zangu alininunulia mdogo wangu, maana yake na yeye akayajua yote ya mwili wangu. Ndiyo maana nikimsikia mtu akisema "sisi hatuna shida, mteja wa kiti mwendo tunamhudumia hapo hapo nje", damu inanichemka. Nje ni barabarani! Wewe umewahi kumweleza mfamasia ugonjwa wako ukiwa umesimama barabarani?

Na si dawa peke yake. Nikienda kununua kitenge naletewa vitatu. Vimechaguliwa na muuzaji. Nyuma yake ukutani naviona kwa mbali mia na zaidi, siwezi kuvishika wala kuvigeuza upande wa pili. Nikienda kwa wakala kutoa pesa, namba ya siri naibonyeza mwenyewe kwenye simu yangu, sawa, lakini laki mbili zinahesabiwa huko juu dirishani na kunishukia kupitia mkono wa mtu nisiyemjua, mtaa mzima unaangalia nimezitia mfuko gani. Dukani kwa Mangi natuma mtoto wa jirani. Mtoto yule anajua nimekopa lini na nimelipa lini.

Najua mnachofikiri. "Wateja wenye viti mwendo mbona hatuwaoni?" Jamani! Mtawaonaje, na ngazi imewazuia? Kaa mlangoni kwako asubuhi moja tu uangalie. Mzee mwenye mkongojo anaishika fremu ya mlango kwanza ndipo anyanyue mguu. Kijana wa soda anafika na toroli, anaishusha mtaroni, anabeba kreti moja moja. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi anakuagiza kutokea nje kama mimi.

Mwingine atasema, tukiondoa ngazi, masika maji yataingia ndani. Hoja hii naiheshimu, maana naishi mji huu huu na najua kwa nini sakafu zenu zimeinuliwa. Lakini nani amewaambia mshushe sakafu? Sakafu ibaki juu hapo hapo ilipo. Zege ndilo linapanda kuifuata. Mtaro unabaki wazi kwa chini, unatanguliza bomba au bamba zima lisilovunjika, maji yanapita njia yake.

Sasa mafundi, hesabu ni hii. Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Upana weka mita moja. Kokotoeni: nusu ya 1.8 mara 0.15 mara 1, mnapata mita za ujazo 0.135. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, mita moja ya ujazo inakula kama mifuko sita na kitu. Kwa hiyo tunazungumzia mfuko mmoja wa saruji. Mfuko mmoja wa kilo 50, na ukijaza vifusi vya tofali chini hata hauishi! Kwa miaka yote hii mimi nimekaa mtaroni kwa sababu ya mfuko mmoja wa saruji.

Msinipigie niru juu yake, ile saruji laini ya kung'arisha. Niru ikilowa inateleza, nitarudi chini kinyumenyume. Zege likiwa bichi likwaruze kwa ufagio, basi. Na msinijengee ule mlima wa kupandishia pikipiki, mita moja kwa ngazi mbili. Ule haupandiki kwa mikono, na kushuka ni kuanguka kifudifudi. Ngazi mbili za sentimita 18 zinataka mita nne na zaidi, najua hazipo mbele ya fremu zenu. Geuza mteremko uambae na ukuta, na juu acha mahali tambarare pa kuzungushia kiti, mita moja na nusu kila upande.

"Hiyo ni hifadhi ya barabara, watatuwekea alama ya X ya kubomolewa." Sawa, usijenge. Mwite fundi wa mageti akuchomelee bati nene lenye fremu ya chuma, uliweke asubuhi unapotoa meza na jioni uliingize ndani. Toronto, Kanada, taasisi iitwayo StopGap ilianza mwaka 2011 kuwatengenezea wenye maduka miteremko ya mbao ya kuweka na kuondoa, imepakwa rangi kali ionekane. Kwa maduka yenye ngazi moja tu, kama yenu.

Na yule anayesema sheria ni ya majengo ya serikali, asome Ibara ya 9 ya mkataba ule. Inawagusa na watu binafsi wanaotoa huduma kwa umma. Marekani sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 haikumwacha mwenye duka dogo. Ilimwambia, ondoa kikwazo unachoweza kukiondoa bila taabu wala gharama kubwa. Mfuko mmoja ni gharama kubwa?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumza kaunta, na kaunta ni mhadhara mwingine: kipande kimoja tu kishuke mpaka sentimita 80 hivi, na kwenye nondo mpasue kidirisha cha chini. Mlango usipungue sentimita 90. Njia ya katikati ya rafu msiizibe kwa maboksi ya maji na magunia ya mchele, maana nikiingia sina pa kugeukia. Choo tutakizungumza siku nyingine.

Wenye fremu mnaojenga mwaka huu, bakini dakika kumi. Nina tepu hapa, nitawapimia kiti changu upana na urefu, muandike. Na yule mwenye duka la dawa yuko humu ndani, nimemwona. Kaka yangu, mchanga nimeshaulizia, upo. Niambie Jumamosi saa ngapi.