Waridi na baridi ya Arusha: adui ni unyevu

MANGI: Shikamoo mama.

MAMA WARIDI: Marahaba, mwanangu. Za Moshi?

MANGI: Nzuri mama. Kibaridi kipo, ila sisi tuko chini, mita mia nane na kitu. Nyie huku mko kwenye mita 1,400 hivi, na wiki yote naambiwa Mlima Meru haujaonekana. Wasikilizaji, karibuni kwenye kipindi chetu cha bustani. Leo ni mawaridi na kipupwe.

MAMA WARIDI: Karibuni sana. Na mimi leo nina jambo linanikereketa, kwa hiyo Mangi, usinikatishe mapema.

MANGI: Sikukatishi. Nianze na swali la dada mmoja wa Ilboru, hapa hapa Arusha. Anasema ameona video mtandaoni, watu wanafukia waridi kwa udongo hadi katikati, wanazungushia wavu, wanajaza majani makavu, halafu wanafunika juu kabisa. Anauliza: "Na mimi nifunike? Maana usiku kuna baridi kweli."

MAMA WARIDI: Dada yangu wa Ilboru, usifunike. Hilo ndilo linalonikereketa. Ile video si ya uongo. Yule mtu anafanya kazi nzuri kabisa, lakini anaifanyia nchi yake. Ukifanya hivyo hapa mwezi wa saba, ukija kufunua utakuta matawi meusi na ukungu wa kijivu umejaa.

MANGI: Sasa kwa nini wenzetu wanafanya hivyo na waridi linapona?

MAMA WARIDI: Kwa sababu baridi yao ni kitu kingine. Chukua Minnesota, Marekani. Usiku wa Januari kipimo kinaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na siku nyingine zaidi. Arusha, usiku wa Julai ni nyuzi 10, 12, mara chache chini ya hapo. Waridi kwa nyuzi 10 haliumii. Linapunguza mwendo tu. Tawi linachelewa kurefuka, ua linachelewa kufunguka, basi.

MANGI: Na kule Minnesota linauawa na nini hasa? Kuganda?

MAMA WARIDI: Kuganda, ndiyo, lakini kuna mawili mengine watu hawayafikirii. La kwanza ni kukauka. Ardhi ikishaganda, mizizi haiwezi kuvuta maji, na huku upepo mkavu unaendelea kunyonya maji kwenye matawi. Waridi linakufa kiu juu ya ardhi yenye barafu. Ndiyo maana wakulima wa kule humwagilia vizuri kabla ardhi haijaganda. La pili ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Jua linatoka siku mbili, tawi linadhani majira yamegeuka, usiku linagandishwa tena. Gamba linapasuka. Ule udongo na yale majani kazi yake si kulipa waridi joto. Ni kulifanya likae kwenye baridi moja, isiyopanda wala kushuka.

MANGI: Kumbe! Mimi nilidhani wanalivisha blanketi.

MAMA WARIDI: Wengi wanadhani hivyo. Na ndiyo maana hawafuniki mapema. Wanasubiri baridi ipige kwanza, waridi lilale, halafu ndipo wanafukia shina kwa udongo, sentimita 25 hadi 30. Na udongo huo wanautoa sehemu nyingine ya bustani. Ukichota pale pale kando ya shina unaacha mizizi wazi, hapo umeharibu.

MANGI: Tuna msikilizaji wetu huko huko Minnesota, mji wa Minneapolis, mtu wa Machame, amepanda mawaridi yake ya kwanza msimu huu. Yeye anauliza aanze lini kujiandaa.

MAMA WARIDI: Mwambie aanze Agosti, wakati kwake bado ni joto. Aache mbolea ya naitrojeni kama wiki sita kabla ya sakitu ya kwanza, yaani ule umande unaoganda, maana naitrojeni inaleta machipukizi laini na machipukizi laini hayavuki Januari. Septemba aache kukata maua yaliyonyauka. Ayaache yafanye vitunda, mmea wenyewe unajua kwamba kazi ya mwaka imekwisha. Asipogoe kwa nguvu kabla ya baridi. Afunge matawi marefu kwa kamba tu ili upepo usiyatikise na kulegeza mizizi.

MANGI: Na kama mche wake umebebeshwa?

MAMA WARIDI: Swali zuri hilo. Waridi nyingi za dukani zimebebeshwa, mzizi ni wa waridi moja na matawi ni ya waridi jingine. Pale zilipoungana ndipo udhaifu ulipo. Nchi za theluji wanapanda lile fundo likiwa sentimita tano au zaidi chini ya udongo. Likifia juu, lichipue kutoka chini ya ardhi likiwa waridi lile lile alilonunua. Fundo likifa, kitakachotoka ni mzizi mwitu, na atashangaa waridi lake jekundu limebadilika.

MANGI: Nimesoma kuna njia ya Minnesota yenyewe, ya kulaza mmea mzima.

MAMA WARIDI: Ipo, na mimi naipenda kwa sababu ni ya watu wasiokata tamaa. Katikati ya Oktoba wanafunga matawi pamoja, wanachimba mfereji upande mmoja wa mmea wenye urefu kama wa mmea wenyewe, wanalegeza mizizi upande wa pili kwa uma wa bustani, halafu wanalilaza waridi taratibu kwenye mfereji na kulifukia lote. Ardhi ikianza kuganda wanaongeza majani juu. Aprili wanalisimamisha tena. Ni kazi, lakini waridi chotara za chai, zile zenye ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, bila hivyo kule hazivuki. Kama mtu wetu hataki kazi hiyo, apande aina ya waridi iitwayo rugosa. Rugosa inahimili hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, au karibu na hapo. Au atafute zile waridi za Kanada zenye majina ya wavumbuzi wa kale waliosafiri kutafuta nchi mpya, kama John Cabot. Serikali ya Kanada ilizizalisha makusudi kwa baridi.

MANGI: Haya, mtu wa Machame umesikia. Sasa turudi Ilboru.

MAMA WARIDI: Turudi. Huku kwetu adui ni unyevu na kukosa jua. Masika yameacha ardhi imelowa, halafu Juni, Julai, hadi Agosti tunakaa chini ya mawingu. Kuna ugonjwa wa madoa meusi. Kuvu wake akitua kwenye jani anahitaji jani hilo libaki limelowa kwa saa saba hivi ndipo aingie. Sasa hesabu. Umande na manyunyu yanashuka saa sita usiku, jani linakauka saa nne asubuhi jua likijitokeza. Hizo ni saa kumi. Kila usiku kuvu anapata muda wake na unabaki.

MANGI: Kwa hiyo hata nisipomwagilia kabisa, jani linalowa.

MAMA WARIDI: Linalowa. Ndiyo maana nasema usiongeze saa nyingine kwa mkono wako. Watu wanarudi kazini saa kumi na mbili jioni, wanachukua mpira, wanaogesha waridi kuanzia juu. Tafadhali, nawaomba. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Na kwa kipupwe chunguza udongo kwanza, chomeka kidole. Ukikuta unyevu, acha, kamwagilie mchicha.

MANGI: Na ule unga mweupe kwenye majani machanga? Kwetu Moshi huo ndio unaotusumbua.

MAMA WARIDI: Huo ni ubwiri unga, na tabia yake ni tofauti. Hauhitaji jani lenye maji. Unapenda mchana wa joto kiasi na usiku wa baridi wenye hewa nzito, na hapo ndipo Moshi mnapoupata. Halafu kuna ubwiri vinyoya, huo ndio naogopa zaidi. Madoa ya zambarau au kahawia kwenye jani, na siku chache tu majani yanapukutika yakiwa bado na rangi ya kijani. Mtu anadhani mmea umeishiwa maji, anaongeza maji, ndiyo kwanza anauua.

MANGI: Tiba?

MAMA WARIDI: Hewa. Kabla ya dawa, hewa. Mwezi wa tano ukiisha, shika mkasi, toa matawi yanayopishana katikati, toa yaliyokufa, toa vijiti vyembamba visivyozidi unene wa penseli. Katikati pabaki wazi kama bakuli. Okota majani yote yaliyoanguka, usiyaache yaoze pale, na yenye madoa usiyatie kwenye mboji. Baada ya hapo ndipo utandaze matandazo, pumba za mpunga au maganda ya kahawa. Nyie wa Moshi mnayo. Kazi yake hapa ni kuzuia matone ya mvua yasirushe vimelea kutoka kwenye udongo hadi kwenye jani la chini. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina.

MANGI: Lakini mama, hapo umesema mkasi. Huku kuna watu wakipogoa wanapogoa kweli, wanaacha visiki.

MAMA WARIDI: Hapo ndipo ninapogombana na watunza bustani wengi. Kusafisha ni Mei au Juni. Kupogoa kwa nguvu subiri mwisho wa Agosti. Ukikata sana Juni, unaita machipukizi laini katikati ya mawingu, na ubwiri unakula machipukizi laini kwanza. Ukikata mwisho wa Agosti, jua linarudi, na kutoka mkasi hadi ua ni wiki sita hadi nane. Utakuwa na mawaridi Oktoba, jakaranda za mjini zinapochanua. Mbolea nayo ni hivyo hivyo. Samadi na CAN viache hadi wakati huo.

MANGI: Dawa sasa. Maana kuna wanaosikiliza ambao majani yameshaharibika.

MAMA WARIDI: Kwa ubwiri unga, salfa ya kunyunyizia inafanya kazi, soma kibandiko na upulize asubuhi siku isiyo na upepo. Kwa asiyetaka dawa ya dukani kuna maziwa. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha matokeo yake kwenye mimea ya zukini, jamii ya maboga. Maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, yakiwa asilimia 10, yalizuia ubwiri unga vizuri. Kikombe kimoja cha maziwa, vikombe tisa vya maji, kila wiki, asubuhi ambayo kuna dalili ya jua. Kwenye waridi yanasaidia ukiwahi, jani likishajikunja na kuwa jeupe lote usipoteze maziwa, likate.

MANGI: Na kopa, ile dawa ya shaba ya kuzuia kuvu? Kila nyumba uchagani kuna kopa ya kahawa stoo.

MAMA WARIDI: Kopa kwa kahawa ni sawa. Kwa waridi, kwenye baridi na unyevu ambapo dawa inachelewa kukaukia jani, kopa inaunguza. Majani yanapata vidoa na kudondoka, na utadhani ni ugonjwa ule ule umezidi, unaongeza kopa. Kipupwe, iacheni stoo.

MANGI: Mwingine wa Makambako, Njombe, kaandika kwamba kwao sakitu inapiga kweli, asubuhi nyasi ni nyeupe.

MAMA WARIDI: Yeye afunike, ila kwa usiku tu. Shuka kuukuu au gunia juu ya fito zilizochomekwa kuzunguka waridi, lisigusane na majani, linawekwa jioni na kutolewa asubuhi jua likitoka. Nailoni hapana, maji yanakusanyika ndani. Waridi la kwenye chungu alisogeze karibu na ukuta unaopigwa na jua la jioni.

MANGI: Na maua yenyewe, mama? Nina waridi moja jeupe, vitumba vinafika vikubwa halafu vinabaki vimefumba, vinageuka kahawia.

MAMA WARIDI: Petali za nje zimelowa zikashikana, ukungu wa kijivu umeingia. Waridi lenye petali nyingi linateseka zaidi. Kitumba cha namna hiyo hakitafunguka, kikate leo ukifika nyumbani. Shuka hadi jani la kwanza lenye vijani vitano, kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mteremko wa mkasi uelekee mbali na jicho ili tone la maji lisilikalie. Na mkasi uupanguse kwa spiriti kabla hujahamia mmea wa pili.

MANGI: Spiriti sina, nitapitia duka la dawa pale stendi.

MAMA WARIDI: Pitia. Na vile vitumba uvifukie, usivitupe chini ya mmea.